Nafasi Tupu Kando ya Jina la Nyokabi

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu. Najua utacheka, mimi kukuita mwanangu na kichwani sina hata mvi moja. Lakini wewe ndio unaingia chuo mwaka huu, na mimi nilishatoka huko na kovu langu.

Nilikuwa kiongozi wa darasa katika chuo kimoja cha Ruiru. Diploma tu, ila ndoto zangu zilikuwa za profesa! Kila asubuhi nilitoka kwetu Kalimoni nikiimba. Muhula ule wanafunzi walitukanana vibaya kwenye grupu la WhatsApp, kabila la huyu, sura ya yule, mpaka msichana mmoja akaacha kuja darasani. Roho ikaniuma. Nikaandika ahadi ya wema: "Sitasema neno la kumuumiza mtu. Nitamsaidia aliyekwama." Juu nikaweka kwa herufi kubwa: NI HIARI. Hata leo naona wazo halikuwa baya.

Kosa ni namna nilivyokusanya sahihi. Nilichukua orodha ya mahudhurio, yenye majina yetu yote, nikatoa nakala, nikaibana nyuma ya ahadi. Kila jina na nafasi yake. Ikazungushwa darasani, ikarudi imejaa, isipokuwa kando ya jina moja. Nyokabi, binti wa Kiuu, mama yake akiuza mitumba Githurai.

Nikamfuata, nikamuuliza kwa upole. Akasema, "Shiko, mimi sitatukana mtu, unanijua. Lakini nikisaini hii, siku nikisema mwalimu amepoteza maksi zetu, si utaniambia nimemuumiza?"

Nikacheka. Halafu, Mungu anisamehe, nikaipiga ile karatasi picha, nikaituma kwenye grupu: "Tumebakisha mmoja tu. Tumuombee."

Kufikia kesho yake walikuwa wamembandika jina, Mama Chuki. Wakamtoa kwenye kikundi cha kusomea. Akawa anakaa peke yake mbele, nami nikadhani atalainika.

Ikafika Alhamisi, siku ya kamukunji, yaani mkutano wetu wa wanafunzi. Maksi za wenzetu kumi na mmoja zilikuwa hazionekani, za Nyokabi zikiwemo. Bila maksi huhitimu, na orodha ya kuhitimu ilikuwa inafungwa kesho yake. Nyokabi akainua mkono. Maiki nilikuwa nayo mimi.

"Asiongee! Hajasaini!" wenzetu wakapaza sauti ukumbini.

"Mama Chuki, saini kwanza!"

"Wee, kwani wema ni attendance?" kijana mmoja akauliza. Akazomewa mpaka akakaa.

Mkono wa Nyokabi ulibaki juu. Na nikuambie jambo ambalo sijawaambia wengi: nilitaka asiongee. Wiki mbili nyuma mwalimu alikuwa ameniita ofisini, akakiri karatasi za mtihani hazionekani, akaniomba niwatulize wenzangu. Nikanyamaza, nikajiita mpole. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Mzee Hamisi, mtunzaji wa ukumbi ule, aliacha viti alivyokuwa akipanga, akaja mbele, akaishika ile karatasi ya ahadi iliyokuwa mezani mbele yangu.

"Msichana wangu, si umeandika hapa ni hiari?"

"Ndiyo, mzee."

"Sasa mbona jina lake liko, na nafasi inamngoja? Mwenye hiari hujileta. Wewe umemtegea mtego, halafu unamuombea."

Akaongeza polepole, "Mpe hiyo kitu aongee. Akikutukana, nitamtoa mimi mwenyewe."

Nikampa.

"Simchukii mtu hapa," Nyokabi alisema. "Lakini nilimwona Shiko akiitwa ofisini, akatoka, hakutuambia kitu. Kesho orodha inafungwa. Mama yangu ameshashona nguo ya sherehe."

Basi. Hakuna tusi hata moja. Ukumbi mzima ukanigeukia.

"Ni ukweli?" mtu akauliza.

"Ni ukweli."

Tulikwenda wote kwa mkuu wa chuo. Kabati zikafunguliwa, karatasi nane zikapatikana. Ya Nyokabi haikuwemo. Ningesema wiki mbili kabla, angepata muda wa kurudia mtihani. Alihitimu mwaka uliofuata, na nguo ya mama yake ikangoja kwenye msumari mwaka mzima. Nilimwomba msamaha kwenye lile lile grupu nililomwaibishia. Akajibu neno moja: "Sawa."

Mwanangu, hiari yashinda utumwa. Ukiahidi wema, ahidi wewe, uutende wewe, na usiende kuchungulia kama jirani ameahidi. Neno la mtu likikuchoma, usikimbilie kumwita mkatili. Jiulize kwanza, ni tusi, au ni ukweli umenifikia? Tusi likatae. Ukweli upishe upite, hata ukipita juu yako. Na ukishika maiki, kumbuka si yako.

Nenda, mama. Mungu akupe ulimi usio na sumu wala woga. Na siku wote watakapokuzomea, usikose mtu mmoja wa kusema, mpeni aongee.