Nilitoa Ushuhuda wa Droni Nikiwa Nimeshauza Hisa Zangu

Admin, naomba ufiche jina langu, maana hapa Tunduma tunajuana sana. Mimi ni baba wa miaka arobaini na nane, nina mke na watoto, na ni mzee wa kanisa. Nyumbani ni Hasamba kule Mbozi, nalima kahawa, na hapa mjini nina duka la vipuri vya malori. Shule niliishia la saba. Haya ninayoandika yananitia kinyaa mimi mwenyewe, ila nimeshindwa kuendelea kukaa nayo.

Kuna kampuni ya teknolojia hapa kwetu, kaianzisha kijana wa huku huku. Walitengeneza mfumo wa simu, dereva wa lori anajua foleni ya mpakani imefika wapi na karatasi zake zimekwama kwa nani. Ukafanya kazi kweli. Kijana akatuuzia hisa sisi watu wa kawaida, wakulima, wenye maduka, akina mama wanaouza maharage kutoka Isongole. Marehemu kaka yangu alinunua nyingi kuliko mimi. Alipofariki zikabaki kwa mke wake, shemeji yangu, pamoja na shamba la kahawa linalomlisha yeye na wanawe.

Gawio lilikuwa linakuja vizuri tu. Halafu yule kijana, ambaye ndiye mkurugenzi, akatuletea habari za droni, vile vindege vya kuruka bila rubani. Alisema vitapita juu ya mibuni, vipige picha, vione chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha kahawa, kabla jicho la mtu halijaona. Faida yote ya foleni ikaanza kumezwa na majaribio. Gawio likakata. Watu wakaanza kununa.

Shamba la majaribio lilikuwa langu. Mara ya kwanza kulikuwa na ukungu, picha zikatoka nyeupe kama umepiga sufuria ya uji. Mara ya pili kile kidude kikagonga mti wa mgrivea, kikaanguka, kikavunjika bawa. Hakuna chochote kilichoonekana. Kahawa yangu ilipona kwa sababu mimi mwenyewe nilishapita na bomba mgongoni nikapiga dawa ya mrututu mapema, kama baba yangu alivyokuwa anafanya.

Kabla ya mkutano wa wanahisa mkurugenzi akanifuata dukani. Akaniambia, "Mzee wangu, watu wakinigeuka nimekwisha. Simama useme droni imekuokolea kahawa. Na kuna tajiri wa Nakonde anatafuta hisa, si nyingi. Nitakuunganisha naye wewe kwanza, wengine wasijue."

Nikavuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, nikauza zote. Yule tajiri akaniuliza kwa heshima ya kwao, "Mukwai, mbona wewe unatoka wenzako wanabaki?" Nikamwambia nimebanwa na ada za watoto. Hata huko nilidanganya, wala hakuna aliyenilazimisha.

Mkutano ulikuwa Chapwa. Mama mmoja mwenye malori ndiye aliyeanza. "Mimi nilinunua foleni, sikununua mawingu. Hiyo nzige yenu inakula nini, kama siyo hela zetu? Turudi kwenye kazi tuliyoijua, au kila mtu auze aondoke."

Mzee mmoja mfanyabiashara wa maharage akamjibu, "Mama, wewe hujawahi kulima hata mchicha. Hicho kitu kikikubali, hisa zako utauza bei ya lori."

"Na kisipokubali nitauza lori ninunue hisa?" Ukumbi mzima ukacheka. Nikaona watu wanaanza kuelekea upande wa yule mama, na shemeji yangu anatikisa kichwa kumkubali.

Ndipo nikasimama. Nikasema, "Bwana Yesu asifiwe." Wakaitika. Huku kwetu mtu akianza hivyo haulizwi swali, iwe kanisani, iwe kikao cha harusi, iwe cha ushirika wa kahawa. Ushuhuda ni ushuhuda, unaitikia Amina basi. Na mimi nilijua hivyo. Nikaeleza jinsi droni ilivyoona ugonjwa, jinsi nilivyopulizia pale pale ilipoonyesha, jinsi Mungu alivyo mwema. Nilimtaja Mungu, ndugu zangu. Yule mama wa malori naye akasema Amina, akakaa chini. Wakapitisha droni ziendelee, na kila anayeweza aongeze hisa.

Nje shemeji akanishika mkono. "Shemeji, nilikuja hapa nimeshaamua kuuza. Ila wewe umeona kwa macho yako, na umebaki. Sasa mimi nitoke nikiwa nani?" Akaniambia amepata mtu wa kulikodi shamba la kaka kwa miaka mingi, hela atapewa zote kwa pamoja, aongezee hisa. Nikamjibu tumuombe Mungu. Nilitoa jibu hilo kwa mdomo huu huu ninaoutumia kula chakula.

Toka siku hiyo nikijiangalia kwenye kioo natamani kutema mate. Mke wangu anadhani naumwa tumbo. Nimemfuata mkurugenzi, nimemwambia tuwaambie watu ukweli. Akacheka. "Sema tu, mzee. Kwani mimi ndiye niliyesema Bwana Yesu asifiwe?"

Nikimwambia shemeji peke yake, hatanyamaza, na sina haki ya kumwambia anyamaze. Wote watakimbilia kuuza, hisa hazitakuwa na mnunuzi, na watakaoumia ni wale walioniamini, yeye akiwemo. Kanisani sijui nitaweka wapi uso wangu. Nikinyamaza, shamba la kaka yangu linaondoka Jumamosi, na shemeji ameniomba nifike asubuhi nifungue kwa maombi kabla hajasaini mkataba wa kulikodisha.

Ndugu zangu, nitukaneni kwanza kama mnataka, nastahili. Ila mkimaliza mniambie, nikifika pale akaniambia "Shemeji, tuombee," nifumbue mdomo niseme nini?