Nilimkana Tai Mbele ya Chifu

Jamani, aibu niliyoipata kwenye baraza la chifu huku kwetu karibu na Ekerenyo ni kubwa, hata leo nikipita sokoni hakosi mtu wa kuniuliza kama kuku wangu wameamka salama, nami nacheka nao tu, nitafanya nini.

Maneno yalianza watu wa wanyamapori walipokuja kusema mteremko wote wa kilima chetu utatengwa kwa sababu ya tai anayetaga kwenye mti mkubwa shambani kwangu. Kutengwa maana yake hukati mti, hujengi, hulimi. Sasa mimi ni mjane, shamba lenyewe ni kipande (huku Gusii tumegawana mpaka ukipiga chafya kwako, anayekupa pole ni jirani), na hapo karibu na mti ndipo mwanangu Ombati alitakiwa ajenge nyumba ndiyo aoe. Nikaamua jambo dogo tu, nitawaambia tai alishahama.

Siku ya baraza nikasimama, kitambaa nimekifunga vizuri (mimi nikisimama watu hunyamaza, sijisifu, ni kweli), nikasema ndege huyo tulimwona zamani, siku hizi hata unyoya wake hatuuoni, na majirani, ambao hakuna asiyenyang'anywa kuku na tai huyo huyo, wakaitikia kwa vichwa kama tuko kanisani. Afisa wao, binti mpole wa kutoka mbali, akaelekea kuniamini. Ningeketi hapo, yangeisha.

Lakini kwetu mgeni haondoki mikono mitupu, na mimi sipendi kusemwa. Nikamleta jogoo wangu mweupe, mnene, nikamwinua juu kwa mikono miwili ili kila mtu amwone kabla sijamkabidhi. Nilisikia upepo tu. Mabawa yakanipita usoni, nikabaki nimeshika kamba na manyoya, na mdomo wangu huu bila kuniuliza ukapiga kelele, "Mwizi wewe, juzi si ulichukua mwingine!"

Watu walivunjika mbavu, chifu mwenyewe alicheka mpaka kofia ikamtoka. Njia ya mwongo ni fupi, yangu haikumaliza hata baraza. Binti wa watu akaniuliza polepole, "Mama Ombati, juzi alichukua mwingine?"

Uso uliniwaka, lakini kukaa chini nikakataa.

"Yuko," nikamwambia. "Kiota kiko kwangu tangu marehemu mume wangu akiwa hai. Wapasua mbao wamekuja kuutaka huo mti mara nyingi, tukawafukuza. Mmemkuta tai hapa kwa sababu sisi tulimwachia pa kukaa. Leo mnataka kunitoa mimi ndiyo mumtunze nyinyi?"

Hapo hakuna aliyecheka. Binti aliomba aonyeshwe mti, tukaenda naye wote, akatazama juu muda mrefu, akasema atawapelekea wakubwa wake maneno yangu kama nilivyoyasema. Na aliyapeleka, kwa sababu waliporudi waliweka mpaka kuuzunguka ule mti peke yake, mashamba wakatuachia, na Ombati sasa ana nyumba na mke ndani yake.

Basi nimeapa. Uongo nilioupanga wiki nzima haukunipa kitu, na ukweli niliousema kwa hasira ndio ulioniachia shamba, kwa hivyo yule ndege sitamkana tena. Ni tai wetu. Akila kuku wangu nitamtukana mimi mwenyewe, lakini mtu wa nje asimguse.