Nywele za Onyesho la Mwisho

Sogea karibu nikueleze kazi yangu, maana wengi hawaijui. Filamu hairekodiwi kwa mfuatano. Mtu anaweza kuingia mlangoni leo, akatokea sebuleni baada ya wiki tatu, na mtazamaji asijue. Mimi ndiye ninayehakikisha shati, kovu na nywele ni zilezile. Kazi hiyo tunaiita mwendelezo.

Filamu yetu tuliianza Mwanza kwa kamera ya kuazima. Lilibaki onyesho moja: mume anashuka kivukoni Kigongo, mkewe anampokea. Muongozaji akasema tutalimaliza mvua zikikatika. Nikamwambia mwigizaji wa mume, "Usinyoe mpaka nikwambie."

Mvua zilikatika na kurudi miaka sita mfululizo, onyesho halijarekodiwa.

Aliyeigiza mke alipata tamthilia Dar, tukawa tunamwona kwenye televisheni za saluni. Mume alibaki na nywele zake, na hakuwa na filamu nyingine. Aliomba kazi ya kukata tiketi stendi ya Nyegezi, akaambiwa akanyoe kwanza. Akanipigia, nami nikampigia muongozaji. "Mwezi ujao," akasema. Nilimfikishia jibu hilo kwa sauti ya kumtia moyo. Wapiga debe walimwita Nabii. Aliwajibu kwamba sadaka anapokea.

Kisha baba yake akafariki, Magu. Nilikwenda siku ya kuondoa matanga. Kwao siku hiyo watoto wa marehemu hunyolewa, mkubwa kwanza, na mkubwa alikuwa yeye. Alikuwa ameshakaa kwenye kigoda. Shangazi yake alishika wembe mpya.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye hizi nywele?"

Watu walicheka. "Si zangu, shangazi."

"Basi za nani? Mwenyewe kanikatalia, anasema si zake."

Mwigizaji akanitazama kutoka kigodani. "Dada, ninyoe?"

Akinyoa, huenda miaka yote ile ya kungoja ingekuwa bure. Asiponyoa, wadogo zake wangemtangulia kwenye msiba wa baba yao. Nilisogea kando ya zizi, nikampigia muongozaji mara nne. Hakupatikana. Nilikuwa na picha za uso wa mwigizaji tu, za nyuma sikuwahi kupiga, kwa hiyo hata wigi nisingejua lishonwe vipi.

"Subiri kidogo, kaka," nikasema.

Aliinuka, akampisha mdogo wake kwenye kigoda. Shangazi akalowesha wembe. Walinyolewa wote, yeye akiwashikia beseni la maji.

Siku ya tatu muongozaji akapatikana. Mwigizaji wa mke alikuwa amefungwa na mkataba Dar, na pale Kigongo hakuna tena kivuko, magari sasa yanapita darajani. "Mwambie anyoe tu," akasema.

Nikamtumia ujumbe. Alijibu jioni: "Matanga yameshaondolewa. Sasa ataninyoa nani, dada?"



Ukikabidhiwa kazi hii, siku ya kwanza piga picha za kichwa cha mwigizaji mbele, nyuma, kulia na kushoto, kisha mwambie akihitaji kunyoa anyoe.