Makochi ya Mninga Yamejaza Sebule ya Mwanangu, Mimi Sina pa Kulala

Wapendwa wa ukurasa huu, jina langu naomba mlifiche, maana gazeti hili Kondoa linasomwa na midomo ya watu wa mtaani kwangu naijua.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na miwili. Shule niliishia darasa la nne, lakini kwa vitumbua vyangu nimesomesha watoto watano na hakuna hata mmoja anayeomba chumvi kwa jirani. Wa kwanza, nitamwita Hamisi, ana meza yake na simu yake ofisini Dodoma. Nitajieni mwingine wa mtaa wetu mwenye mtoto kama huyo. Hayupo.

Mwaka jana Hamisi alioa. Mkewe, nitamwita Zaina, ni binti wa adabu, shikamoo yake anaitoa amepiga goti, hilo simnyimi. Ila jicho la kuchagua vitu Mungu hakumpa. Walinitumia picha wamekaa kwenye kochi lao. Kochi moja tu! La watu wawili, la kijani, miguu ya chuma myembamba kama ya korongo. Ni hivi vitu vya nje vinavyomiminika siku hizi za ruksa, sponji limevishwa gauni, ukilikalia mwaka mmoja linabaki gauni. Nilipomwonyesha jirani yangu, Mama Salima, alicheka mpaka akashika ukuta. "Dada, hili ni kochi au kiti cha kinyozi? Mkubwa mzima wa ofisi ndicho anachokalia?"

Maneno yale yaliniingia. Kesho yake nikaenda kwa fundi, nikachagua mninga kwa mkono wangu. Fundi akaniuliza, "Mama, hiyo sebule ina ukubwa gani?" Nikamwambia, "Njoo upime yangu, kisha ongeza kidogo. Msomi mwenye ofisi anaweza kuwa na sebule ndogo kuliko ya muuza vitumbua?" Akaongeza. Kochi la watu watatu, la wawili, mawili ya mtu mmoja mmoja, na meza ya katikati. Mikono yote imechongwa maua. Hata kati ya kiti na kiti nilimwagiza aweke mkono, kila mgeni akae na heshima yake. Vitambaa vyeupe vya kutandika nilifuma mwenyewe. Siku ya kusafirisha nilimwomba dereva wa lori la ufuta asifunike turubai mpaka tupite sokoni. Wenye macho waone.

Tulipofika Dodoma, nikaonyeshwa ghorofa. Ya tatu! Wapagazi walipandisha mninga wangu kwenye ngazi nyembamba wakitukana kwa sauti ya chini, mlango ukang'olewa ndipo kochi kubwa likapita. Sebule ikajaa pomoni. Mlango wa jiko ukawa unafunguka nusu, na Zaina, mwenye mimba ya miezi minane, akabaki ndani ya jiko hawezi kutoka. Nikauliza, "Hii ni nyumba au kibweta?" Kuku wangu wana banda pana kuliko pale. Mtu amesoma miaka yote ile ili apandishwe juu, afungiwe kwenye kiberiti, na bado analipa kodi!

Hamisi akanishika bega. "Mama, umetuheshimisha. Lakini utalala wapi?"

Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu vyumba. Mama yake Zaina alishatangulia mbele ya haki. Anayetarajiwa kuja kumkanda mzazi kwa maji ya moto, kumpikia uji wa ulezi na kumwogesha mtoto kwa siku arobaini ni mimi. Mjukuu wangu wa kwanza! Na nyumba ni chumba na sebule, basi.

Zaina akasema kule kule jikoni, "Mama, lile kochi dogo la kijani tulilichagua kwa ajili yako. Tulipima kwa kamba. Likikaa ukutani, godoro lako linaenea chini na njia inabaki."

Nikasema nitalala kwenye kochi kubwa. Nikajaribu mchana ule ule mbele yao. Ile mikono ya kutenganisha wageni ikanichoma mbavu na nyonga, nikainuka. Hamisi akasema wataniachia kitanda chao. Astaghfirullah! Kwetu mama mzazi halali kitanda anacholala mwanawe na mkewe, hata kama nyumba inaungua.

Mwanangu akaamua kama mwanaume. "Makochi yakibaki, dada yake Zaina wa hapa mjini atakuwa anakuja asubuhi na kurudi kwake jioni. Yakiondoka, unakuja wewe. Chagua, Mama."

Msiniambie niyauze Dodoma. Mninga niliouchagua mwenyewe aukalie nani, mtu nisiyemjua? Na kuyarudisha ni kupita nayo sokoni pale pale, Mama Salima akiwa kibarazani. Yule atapata cha kusema mpaka Ramadhani mbili zipite. Lakini huyo dada yake Zaina nimemwona. Kucha ndefu, rangi nyekundu. Huyo ndiye amshike mjukuu wangu akiwa mbichi? Kitovu kikidondoka, ashuhudie yeye, mimi niko Kondoa, na fahari yangu inafutwa vumbi Dodoma?

Lori linageuza kurudi Kondoa Jumapili, na Zaina hana wiki tatu kabla ya kujifungua. Semeni nanyi mliolea: niubebe mninga wangu na aibu yake nikamlee mtoto, au niuache ubaki na heshima yake nimkose? Nitawasikiliza wote. Ila asitokee wa kuniambia nilikosea mbao.