Kiziwi Aliyechagua Amplifaya

Pale Ismailia, nchini Misri, ukitaka bibi harusi afike kwa mumewe kwa shangwe, utaambiwa kamtafute Gaballah. Gari lake ni Pijo la zamani, refu, lenye safu tatu za viti, na mwenyewe ni mtu mnene, mcheshi, asiyeweza kushika usukani bila kuimba. Nyimbo zake ni zile za simsimiya, kinubi cha watu wa Mfereji wa Suez. Alizinyonya pamoja na maziwa ya mama yake, na kila bibi harusi wa mtaa ule alipelekwa nazo.

Popote lilipokwenda Pijo, Mitwalli alikuwamo. Huyu ni kaka yake mkubwa. Homa ilimpata angali mchanga, ikaondoka na masikio yake. Tangu hapo hakusikia hata radi. Mama yao alimbunia lugha ya mikono, na ndugu hao wawili wakakua wakisemezana kwa vidole, nyusi na mabega, wakigombana pia kwa hivyo hivyo. Mitwalli akawa fundi wa kushona viti vya magari, tena fundi kwelikweli. Lakini harusini alikuwa mtu wa pembeni. Alipiga makofi kwa kutazama mikono ya wenzake, kwa hiyo makofi yake yalifika yakiwa yamechelewa kidogo, kama mtu anayeitikia salamu ya aliyekwisha pita. Watu walimzoea. Hakuna aliyemcheka, na hakuna aliyemwita kati.

Siku moja Gaballah akaaibika. Alikuwa amefunga spika mpya milangoni na sabufa nzuri, ile spika kubwa ya mapigo mazito, ndani ya buti, akidhani mambo yamekwisha. Kumbe redio yake haikuwa na ubavu wa kuzisukuma. Katika msafara wa harusi akatokea dereva wa upande wa bwana harusi na gari linalotikisa madirisha ya watu.

"Gaballah!" yule dereva akapaza sauti. "Hilo lako linaimba au linakohoa? Lipe maji, hajji, lisitufie njiani!"

Watu wakaangua kicheko. Gaballah angeweza kumjibu, maana kwa maneno hakuwa wa kushindwa. Kilichomkata maini ni shangazi wa bibi harusi, aliyemwinamia dirishani na kumwambia kwa upole, "Izime tu hiyo, mwanangu. Tutaimba wenyewe."

Kesho yake akaenda kwa fundi Rizq, muuza vyombo vya muziki wa magari, mtu mpole wa kanisani ambaye duka lake halikuwa pana kuliko kabati. Alimchukua Mitwalli, kwa kuwa yeye ndiye angekata mbao na kuvisha zulia boksi la sabufa. Gaballah hakungoja hata chai.

"Nataka ile," akasema, akiashiria amplifaya kubwa inayong'aa, yenye taa za buluu ubavuni.

"Kwa nini ile?"

"Wati elfu tatu, fundi! Si imeandikwa hapo?"

Rizq akacheka. "Ndugu yangu, hata mimi naweza kujiandika kwenye kipaji cha uso kwamba ni bingwa wa ndondi. Hiyo ni nguvu ya kupiga yowe moja, basi. Wewe uniulize inaweza kuimba msafara mzima kwa nguvu gani bila kuishiwa pumzi. Halafu uniulize kama inaelewana na spika zako. Ikiwa dhaifu, utaikamua mpaka sauti ipasuke. Isipopatana na ukinzani wa sabufa yako, yaani jinsi inavyozuia umeme, itachemka kama birika na kujizima, na wewe uko katikati ya wapiga vigelegele."

"Basi nipe inayoelewana, ila ing'ae."

"Hebu nikupigie mbili. Masikio yako yaamue."

Ukutani Rizq alikuwa na spika na sabufa za kujaribia, zilizounganishwa kwa swichi ili mteja asikie amplifaya hii, kisha ile. Kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja na Gaballah amekwisha kukikalia, Mitwalli akaketi sakafuni, akaegemeza mgongo kwenye boksi la sabufa.

Rizq akawasha ile ya taa za buluu. Chupa za soda zikagongana rafuni.

"Hiyo hiyo!" Gaballah akapiga paja. "Hapo ndipo nitamnyamazisha yule mbwa!"

Mitwalli aliruka kama aliyechomwa. Akaligeukia boksi, akaligusa kwa kiganja, kisha akakunja uso na kujifuta mkono kwenye suruali. Vidole vyake vikasema: *Maharage yaliyovurugika.*

"Anasemaje?" akauliza Rizq.

"Anasema maharage. Ana njaa huyu."

Rizq hakucheka. Alibonyeza swichi, ikaingia amplifaya ya pili, nyeusi, nzito, isiyo na pambo, sura yake kama tofali. Wimbo ulikuwa ule ule. Mitwalli alirudisha mgongo wake polepole, kama mtu anayeingia kwenye maji asiyojua kina chake. Akatulia. Mdomo ukamfunguka kidogo. Kisha kidole chake kimoja kikaanza kugonga goti.

Gaballah alikitazama kile kidole. Kilikuwa kinagonga sawasawa na ngoma. Hakikuchelewa wala hakikutangulia. Maisha yake yote hakuwahi kuona mkono wa kaka yake ukifika kwa wakati, na macho ya Mitwalli yalikuwa yamefumbwa. Hapakuwa na mtu wa kumwiga.

"Ee Bikira!" akanong'ona Rizq. Akarudisha ile ya kwanza. Mitwalli akatikisa kichwa, macho bado kayafumba. Rizq akaleta ya pili, kidole kikaendelea. Akachanganya, akakaa kwenye moja kwa muda mrefu, akahama ghafla. Mitwalli hakukosea hata mara moja. Mwishowe Rizq akaondoa mkono kwenye swichi, akavua miwani na kuifuta. "Mimi kazi hii nimezeeka nayo," akasema. "Nilidhani najua sauti ni kitu gani."

"Amesikia?" akauliza Gaballah. "Fundi, amesikia?"

"Sijui nikuambie nini. Ile ya taa inaburuta mapigo, moja linamwagikia jingine. Hii inapiga na kuacha. Sisi tunasikia kelele zaidi tu. Yeye anahisi hata pale pigo moja linapoishia."

Gaballah akatoa kaseti yake aipendayo kuliko zote, wimbo wa simsimiya aliousikia tangu utotoni, akaomba upigwe kwa hiyo nyeusi. Mitwalli akasikiliza, kama tunaweza kutumia neno hilo, na mgongo wake wote. Wimbo ulipofika kati, akafumbua macho, akamvuta ndugu yake upindo wa kanzu na kuuliza kwa vidole: *Wa pili ni nani?*

*Wa pili gani?*

*Wapo wawili. Mmoja mkubwa. Wa pili anakuja nyuma yake, taratibu, kama anaomba ruhusa ya kupita.*

Gaballah akataka kumwambia kwamba ngoma ni moja, wimbo huu anaujua kama kiganja chake. Badala yake akamwomba Rizq aurudishe. Rizq akaurudisha mwanzo. Gaballah akainamisha kichwa, akafumba macho, akautafuta. Na kweli, chini ya ile ngoma kubwa, nyuma yake kidogo, palikuwa na kigoma kingine chepesi mno, vidole vya mtu fulani asiyejulikana, aliyepiga miaka mingi nyuma. Alikuwapo siku zote. Gaballah ameuimba wimbo ule kwa mabibi harusi wa mji mzima na hakuwahi kukutana naye.

Alimtazama kaka yake, yule mtu aliyelala naye kitanda kimoja utotoni, na ikawa kama ndiyo kwanza ametambulishwa kwake.

"Nifungie hilo tofali," akamwambia Rizq.

Wakaifunga kwa uangalifu. Rizq alivuta waya mnene kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi karibu kabisa na betri, akakwangua rangi ya bodi hadi chuma kitupu ili waya wa ardhi ushike vizuri. Njia mbili za amplifaya akazipa spika za milango, mbili akaziunganisha kuisukuma sabufa. Mitwalli alitengeneza boksi kwa mbao nzito, na kila alipokaza skrubu aliweka shavu lake hapo kwanza, akihakikisha hakuna kinachotikisika.

Harusi ya kwanza ilikuwa ya binti wa muuza samaki, mchana kweupe, kando ya Ziwa Timsah. Yule dereva wa kejeli hakuwapo, na Gaballah alikuwa amekwisha kumsahau. Aliegesha Pijo, akafungua buti, akapiga simsimiya. Sauti haikuwa ya kutisha. Ilitoka safi, imekamilika, hata wazee waliacha sahani zao za samaki wakasogea. Mitwalli akaweka kiganja juu ya bati la gari. Akakaa hivyo kidogo. Kisha akauondoa mkono na kuingia uwanjani.

Alicheza ngoma ya vijana wa bandari, mabega na nyayo, kifua mbele, huku akirudi mara kwa mara kuligusa gari kama mtu anayechota maji kisimani. Alipopiga makofi, yalianguka pamoja na makofi ya wote. Halafu akaanza kupiga mengine, mepesi, katikati. Wapiga makofi wakababaika, wakatazamana, kisha mmoja wao, mpiga dufu mzee, akaelewa na kumfuata. Shangwe ikapanda. Bibi harusi mwenyewe akamwita kati. Gaballah alikuwa ameshika mlango wa gari, analia waziwazi mbele za watu, wala hakujali.

Habari zilienda mbio. Mitwalli alikuwa na rafiki zake viziwi katika mkahawa mmoja wa mjini, na haukupita muda wakaja kuliona hilo gari. Tangu hapo, Ijumaa baada ya sala, Pijo huegeshwa kando ya ziwa na watu hukaa wamelizunguka, migongo kwenye milango, viganja kwenye bati, mwanamke mmoja na nyayo zake tupu juu ya bampa la nyuma. Mikono yao inabishana bila kukoma: mmoja anasema wimbo huu ni wa hasira, mwingine anakataa, ni wa mtu aliyechelewa nyumbani. Mke wa Gaballah hulalamika kwamba betri itakufa. Halafu huwaletea chai.

Ijumaa moja Gaballah aliketi nao. Akaegemeza mgongo wake kwenye mlango, akaziba masikio kwa vidole, akangoja. Alihisi mtetemo tu, kama gari linaloungurumishwa. Akamgeukia kaka yake na kutikisa kichwa. Mitwalli akamcheka, akamshika mabega, akamshusha kidogo, akamweka vizuri pale penye chuma, na kwa kiganja akambonyeza kifua: *Tulia. Usikimbilie. Wa pili atakuja.*