Maziwa ya Unga Mbele ya Mama Mkwe

Sasa nacheka, lakini siku ile, kama sakafu ya mkahawa wa Bi Rivka ingepasuka, ningejitumbukiza mwenyewe bila kusukumwa na mtu. Na chanzo cha yote kilikuwa kifuko cha nailoni kisichozidi kidole gumba.

Nilikuwa nampeleka Salma, msichana niliyetaka kumwoa, pamoja na mama yake, kula chakula cha mchana. Mama Zuhura ni Mzanzibari wa Chatsworth, hapa Durban, na mtaani kwao anajulikana kwa mambo mawili, chai yake ya maziwa na ukali wake juu ya vyombo (kuna fundi bomba aliwahi kupasha soseji zake zenye shaka ya nguruwe kwenye kikaango cha Mama, Mama akamtoa mlangoni na kikaango hicho mkononi, kiwe chake maisha). Mwanamke huyo ndiye angeamua kama wazee wangu watoke Tanga waje kuniposea Salma, au wabaki wanakunywa kahawa yao barazani.

Durban imejaa migahawa ya halali, ningempeleka popote tukala biriani tukarudi salama. Lakini mimi bwana, mtunga riwaya, nikaona biriani ni ya kila mtu. Nikataka mahali penye hadithi. Nikachagua mkahawa wa Kiyahudi ulioko juu mlimani, na nilipomwuliza Mama akasema, "Nyama yao twala, mwanangu. Nguruwe hawagusi, na wanachinja kwa jina la Mungu." Nikajiona tayari nimeoa.

Asubuhi hiyo Papa Fiston, Mkongomani ninayeishi naye Albert Park, anayeuza maziwa ya unga kule sokoni Warwick, aliniona napiga pasi koti akanirushia kifuko. "Kaka, unaenda kula na belle-mère, mama mkwe? Beba hii. Chai bila maziwa iko huzuni." Nikakitia mfukoni (hapo ndipo ningepaswa kukirudisha, lakini nani alijua).

Palikuwa pazuri, jamani. Matango ya siki yamesimama kwenye mitungi kama watu wanaosubiri lifti, mkate mweusi unanukia, na nyuma ya kaunta Bi Rivka mwenyewe, mwanamke mfupi mwenye kilemba cha bluu, akikata nyama ya chumvi vipande vyembamba vinavyofuka moshi, feni ikizunguka juu yake. Mama Zuhura alikula bila kusema neno, na Salma akaninong'oneza kwamba mama yake akinyamaza hivyo amependa. Kisha Mama akafuta midomo na, kwa mazoea tu, akaagiza chai ya maziwa.

"Maziwa hapa hakuna," akasema Bi Rivka. "Nitakupa na limau."

Mama akatazama kile kikombe chenye maji mekundu kama anatazama maiti. Mimi nikafikiri, masikini, wameishiwa. Na kwa kuwa ni aibu kuingia na chakula chako kwenye mkahawa wa mtu, nikateremsha kikombe mpaka mapajani, nikafungua kifuko kwa meno, nikaanza kumimina chini ya meza, taratibu, nikikoroga na kijiko chao.

"Wewe kijana! Huo unga mweupe ni nini?"

Bi Rivka alikuwa ameshika kisu hewani. Watu wote wakageuka. Kijana wa kigeni, amevaa koti kwenye joto la Durban, ana kifuko cha unga mweupe chini ya meza: hata mimi ningejikamata. Salma akanipiga teke. Nikaruka nikasimama, kifuko juu kabisa ili kila mtu aone sina hatia, nikapaza sauti:

"Si dawa za kulevya! Ni maziwa! Maziwa tu!"

Nilidhani wangeshusha pumzi. Mkahawa mzima ukaganda. Nadhani ningesema ni sumu wangenielewa zaidi.

"Maziwa?" akasema Bi Rivka kwa sauti ndogo. "Humu?"

Hapo ndipo feni ilipokifikia kifuko. Wingu jeupe likapaa, likaelea, likavuka meza mbili bila haraka, likatua juu ya nyama ya moto, ubao na kisu. Mzee mmoja akasema "Eish," akainua bakuli lake la supu akalikumbatia kifuani.

"Hukumsikia akisema hakuna?" Mama Zuhura akaniuliza.

"Nilidhani yamekwisha, Mama."

"Hayajaisha! Hayaingii! Nyama na maziwa kwao havikutani, hata sufuria ni mbalimbali!" Akaniangalia vile alivyomwangalia yule fundi bomba, nikawaona wazee wangu Tanga wakiagiza kahawa nyingine.

Akaenda kwenye kaunta. Nikasikia akiomba radhi, kisha nikasikia neno kikaango, kisha, sijui ilikuwaje, Bi Rivka akacheka mpaka akavuta kiti. Wale wanawake wawili wakakaa wakasimuliana wageni waliowaharibia vyombo, nami nikapewa matambara nifute kioo cha kaunta, meza na mapanga ya feni, koti langu la uchumba likigeuka jeupe mikononi. Kila nikipita karibu nao wananyamaza, nikienda mbali wanacheka.

Tulipoaga, Bi Rivka akanikabidhi kile kikombe na kijiko vimefungwa kwenye gazeti. "Hapa haviwezi kurudi. Ni vyako."

Nikavipokea kwa mikono miwili, macho chini. Barabarani, tukingoja robot, ile taa ya barabarani, iwe ya kijani, Mama Zuhura akafunua gazeti, akakigeuzageuza kikombe, akakigonga kwa kucha.

"Kizuri," akasema. "Haya, Idrisa. Chombo cha kwanza cha nyumba mnacho. Waambie wazee wako waje."

Salma akanishika mkono. Siku hizi nikiambiwa maziwa hakuna, nakunywa chai ya rangi na kusema ni tamu. Na kabla sijaingia kokote na Mama mkwe, Salma hunipekua mifuko yote, hata ya suruali.