Mama mkwe amebeba kifo ambacho ni changu

Admin, naomba unifichie jina na usiweke picha yoyote. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, naishi na mume wangu kijijini huku Nachingwea, tunalima korosho na ufuta. Tulijaliwa watoto wawili. Sasa tumebaki na mmoja.

Binti yetu wa kwanza, nimwite Zai, alipatikana na kisukari akiwa na miaka tisa, kile kinachotaka sindano za insulini kila siku. Nilifundishwa kumchoma mimi, maana baba yake hakuweza hata kuitazama sindano. Miezi ya mwanzo akapata nafuu mpaka dozi ikapunguzwa, na bado siku nyingine sukari ilishuka, anatetemeka, jasho linamtoka, namnywesha maji ya sukari huku nalia. Kliniki wakamtoa damu, ikapelekwa mbali kupimwa kama kongosho lake bado linatengeneza insulini, ile homoni inayoitoa sukari kwenye damu iupe mwili nguvu. Majibu yalipokuja daktari aliniambia, "Mama, bado linatengeneza, ila kidogo, na hicho kidogo kitakwisha. Sindano usiache." Mimi nilitoka pale nimeshika neno moja tu, linatengeneza.

Zai alikuwa amechoka. Mapaja yalimjaa vinundu. Asubuhi moja akaniambia, "Mama, leo tupumzike, nakuomba." Nikampumzisha. Hakuumwa. Kesho yake nikampumzisha tena. Nikajiambia Mungu amesikia, mwili umeamka wenyewe. Baba yake akiuliza, "Umemchoma?" namjibu ndiyo.

Wiki ya pili mama mkwe akaja kutoka Matambarale, kule Ruangwa, kumwona mjukuu wake. Alikuja na mizizi, akaichemsha, akampa kwenye uji. Hakuficha. Mume wangu alimwona, akamkataza. Siku mbili baadaye Zai akaanza kutapika, anakunywa maji hatosheki, anapumua kwa nguvu kama aliyetoka kukimbia. Tulimkimbiza hospitali kwa bodaboda, nimempakata katikati. Daktari akauliza mbele ya mume wangu, "Sindano ya mwisho kachomwa lini?" Nikasema, "Leo asubuhi." Zilikuwa zimepita siku kumi na moja. Walimhangaikia mpaka kesho yake. Saa nane mchana akafariki.

Msibani mume wangu alimwambia mama yake watu wakisikia, "Dawa zako zimemuua mwanangu. Usikanyage tena kwangu." Mama wa watu hakujitetea. Alikusanya kanga zake akaondoka hata matanga hayajaanuliwa. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani, hatua tatu kutoka kwake, nikanyamaza.

Huu ni mwaka wa pili. Huwa anaazima simu ya jirani ananipigia, "Mwanangu, mimi sikujua. Niombee kwa mwenzako anisamehe." Namjibu, "Nitamwambia, mama," na simwambii. Wiki iliyopita shemeji yangu kapiga, anasema mama hali chakula, miguu imevimba, anamuulizia mwanawe kila siku. Mume wangu alimjibu, "Mkishazika mtanijulisha," akarudi kupalilia.

Ndugu zangu, nikisema ukweli najua nitafukuzwa, na mtoto wangu aliyebaki atalelewa bila mimi. Nikinyamaza, yule mama ataingia kaburini akiamini kamuua mjukuu wake kwa mkono wake. Msinipe pole, na msiniambie sikukusudia, hilo nalijua na halinisaidii kitu. Nataka aliyewahi kumwambia mumewe jambo zito namna hii aniambie alianzaje. Nguo za kwenda Matambarale nimeshazifunga mara mbili, nikazifungua. Nimwambie nani kwanza, mume wangu au mama yake? Nishaurini wakati bado yuko hai.